Kiputo Katika Mchoro wa Nne

Kilichoninyima usingizi kwa siku kumi na moja ni kiputo cha hewa kidogo kuliko punje ya ufuta. Nilikuwa nimekichora mwenyewe kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikakitolea mshale, na mwisho wa mshale nikaandika "chumba cha hewa". Kilikuwa kwenye mchoro wa nne wa mémoire yangu, ile kazi ya kumalizia chuo, na watu watatu waliosoma kuliko mimi waliutazama mchoro ule wakakubali. Sasa nilikuwa najiuliza kama kiputo kile kilikuwa cha mmea au kilikuwa changu. Yaani, nilikikuta humo au nilikiingiza mwenyewe?

Najua swali hilo linavyosikika. Kila niliyemweleza alinitazama kama mtu anayelilia kifungo cha shati.

Mmea wenyewe, watu wengi wa Kisangani wameuona bila kuutazama. Unaelea kwenye maji yaliyotulia, kwenye mabwawa ya samaki na mashimo ya zamani ya kufyatulia matofali, kama uzi wa kijani uliojisokota. Hauna mizizi. Mara nyingine unatoa kijiua cha njano juu ya maji, na huo ndio wakati pekee mtu anaweza kusema ni mzuri. Kwa Kifaransa tunauita utriculaire. Hapa nitauita mmea wa vifuko, kwa sababu kwenye zile nyuzi zake kunaning'inia vifuko kwa mamia, na kila kimoja ni mtego.

Nitaueleza mtego huo kama nilivyopaswa kuueleza mara ya kwanza.

Kifuko kina ukuta mwembamba, wa tabaka mbili tu za seli, na mlango mmoja. Mlango ni kipande laini kilichoshikwa upande wa juu. Unafunguka kwenda ndani tu, na ukingo wake wa chini unakaa juu ya kizingiti kinene chenye utando wa kuziba ili maji yasipenye. Nje ya mlango kuna nywele ndefu zenye matawi. Vidudu vya majini hutambaa kando yake vikajikuta mlangoni. Juu ya mlango wenyewe, karibu na chini, zimesimama nywele fupi ngumu, nne katika mmea wetu. Ndani, tezi ndogo za mikono miwili na za mikono minne zimebandikwa ukutani kama nyota zilizochorwa vibaya. Kabla ya kunasa chochote, kifuko kinatoa maji yaliyomo ndani yake, kidogo kidogo, mpaka kuta zinabonyea pande zote mbili kama mashavu ya mtu anayefyonza mfupa. Hapo kimetegwa. Kidudu kikigusa nywele moja, mlango unaachia, kuta zinaruka kurudi nje, na maji yanaingia pamoja na kidudu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mlango unajifunga. Tezi zinaanza kumeng'enya, maji yanaanza kutolewa tena, na baada ya nusu saa, labda zaidi, mtego uko tayari kwa mwingine.

Katika maelezo yote hayo hakuna hewa.

Mwaka jana nilikuwa nimesoma habari za kufyonza. Lakini nilikuwa nimesoma pia, kwenye kijitabu cha kozi moja ya zamani kilichopigwa kopi mara nyingi mpaka herufi zikaota manyoya, kwamba vifuko vinasaidia mmea kuelea. Sikuona kwa nini kimoja kiwe kweli na kingine kiwe uongo. Nilikwenda kuuchukua mmea nikiwa na mawazo yote mawili kichwani.

Bwawa liko kwenye barabara ya Banalia, ukishavuka daraja la Tshopo na kuendelea kidogo kwa moto, yaani pikipiki ya abiria. Mwenye bwawa ni papa mmoja, kama tunavyowaita wazee, aliyetoka Maniema akiwa kijana, mtu wa kofia nyeupe na suruali iliyokunjwa mpaka magotini. Siku ile ya kwanza alinisikiliza nikieleza habari za utafiti, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Miaka yote nahangaika kutoa hii takataka ndani ya maji yangu," alisema, "na leo mutoto ya université inakuja kuniomba. Unaenda kupika nayo?"

"Hapana, papa. Ni ya masomo."

"Masomo ya takataka. Bon. Chukua yote, usiniachie."

Mama yangu ni mtu wa mto, wa upande wa Yanonge, na tangu nizaliwe anauza majani sokoni Mangobo: pondu, matembele, mchicha. Nyumbani kwetu kuna namna moja tu ya kubeba majani. Huyabebi ndani ya maji, kwa sababu yanapikika njiani kwa joto. Unayatoa, unayakung'uta mara tatu, unayalaza juu ya jani pana la mangungu, lile la kufungia samaki wa liboke, unakunja na kufunga kwa kamba yake. Yakifika sokoni yako hai. Nimefanya hivyo tangu nina miaka saba. Mikono yangu inafanya bila kuniuliza.

Kwa hiyo kwenye bwawa la papa nilifanya hivyo. Chupa niliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, barabara ilikuwa ya mashimo, na mwenye moto alishasema hataki maji mgongoni. Niliuinua mmea kwa mikono miwili, nikaukung'uta mara tatu, nikaufunga kwenye mangungu. Nilipofika nyumbani ulikuwa wa kijani safi kabisa, na mimi nikajisifu. Jioni hiyohiyo nikautia kwenye alkoholi ili usiharibike.

Na katika kila kifuko nilichokiweka chini ya darubini kulikuwa na kiputo cha hewa, cha duara, kizuri, kimekaa juu kama ushanga wa kioo. Kuta zilikuwa zimevimba. Nilipima upana wa kiputo, nikajaza jedwali. Nikaandika kwamba mmea wa kwetu, mbali na kunasa, unatunza hewa kwa ajili ya kuelea.

Aliyesimamia kazi yangu ni chef de travaux, mkufunzi wa idara, mtu anayetembea haraka kama anayekimbia mvua. Aliinama juu ya mchoro wa nne na kwa mara ya kwanza alisimama bila kutazama saa.

"Hii iko mpya, mademoiselle," alisema. "Hii ni ya kwetu."

Nimejaribu kueleza kwa rafiki yangu neno lile lilinifanyia nini, nikashindwa. Kurasa nyingine zote za mémoire ile zilikuwa za watu wengine niliowanukuu. Kiputo kilikuwa changu. Siku ya kuitetea, mmoja wa majaji alisifu uvumilivu wa vipimo. Nje, mashangazi walinimwagia poda kichwani na mabegani, kama inavyofanywa kwa aliyefaulu, wakaimba mpaka walinzi wakawaomba wasogee, na mama alikuwa amevaa liputa jipya la kitenge akiomba kila mtu ashike kitabu kwanza kabla ya kula. Kopi yetu, yenye jalada jekundu, ikaingia kwenye kabati la vioo sebuleni, pamoja na sahani za wageni.

Mwaka huu, chuo kilipofunguliwa, chef alinisimamisha kwenye ngazi za kitivo. Alikuwa anatayarisha mwongozo wa mazoezi ya maabara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mchoro wa nne ungeingia humo. Kisha, bila kuvuta pumzi, akasema atapeleka jina langu kwenye baraza la idara niwe assistante, mkufunzi msaidizi. Baraza litakaa Jumanne, wiki mbili zijazo. Kabla ya hapo nimsaidie mazoezi ya kwanza, nikalete mimea hai, mingi, iliyo ndani ya maji yake, ikae maabara wiki nzima.

Nikapanda moto na ndoo ya rangi yenye kifuniko.

Papa wa Maniema alikuwa amesimama ndani ya bwawa mpaka kifuani, anavuta mmea kwa reki ya miti na kuutupa ukingoni. Alinisalimia bila kuacha kazi. Nilipiga magoti nijaze ndoo yangu polepole, mmea ukiwa umezama, na ndipo nikasikia. Kila mara reki ilipoinua fungu kutoka majini kulikuwa na mlio mdogo, mkavu, wa haraka, kama mafuta kwenye kikaango.

"Ni nini inalia vile, papa?"

"Ni hii takataka. Ukiitoa ndani ya maji, inalia. Tatatata. Kila siku." Akaniangalia. "Ile siku ingine ulitoa mingi. Haukusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Nilidhani ni matone yanaanguka.

 Nakumbuka nilifunga kifuniko cha ndoo, nikakifungua, nikakifunga tena. Vifuko vilivyotegwa, ukivitoa majini, vinafyatuka. Na kifuko kinachofyatuka kinafyonza kilichoko mlangoni. Kama mlangoni kuna maji, kinafyonza maji.

Darubini za maabara yetu zinatumia kioo cha kuakisi mwanga, maana umeme unakuja unapotaka. Unazungusha kioo kuelekea dirishani mpaka jua likupate. Kisangani ina mawingu ya kutosha kugawia miji mingine, na wiki ile yote yalikuwa kwenye dirisha langu. Nilikaa na kidole kwenye kile kioo, nikisubiri mwanga kama mtu anayesubiri simu. Mwanga ulipokuja niliona kifuko ndani ya maji yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, mlango umekaa sawasawa juu ya kizingiti, na hakukuwa na kiputo. Cha pili hivyohivyo. Nikatoa uzi mwingine kwenye ndoo, nikaukung'uta mara tatu, nikahesabu mpaka kumi, nikaurudisha majini. Viputo kila mahali, vya duara, vizuri, vya upana uleule wa jedwali langu. Kwa dakika moja nilifurahi jinsi jaribio lilivyotoka safi. Kisha nikakumbuka lilikuwa linathibitisha nini.

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilianza kutafuta njia ya kutoka. Labda ni majira. Mwaka jana nilichukua wakati wa kiangazi. Labda mmea wa mwaka jana ulikuwa wa aina nyingine na huu umeingia baadaye. Labda baadhi ya vifuko vina hewa na baadhi havina, na kwa bahati niliangalia visivyo nayo. Nilienda kwenye mashimo ya matofali nyuma ya Mangobo, nikachukua mwingine, nikaukuta na mashavu yaleyale yaliyobonyea. Nikarudia siku nne. Siku ya tano mvua ilinyesha tangu asubuhi, sikuona chochote, na niliikasirikia mvua kwa kuniacha na matumaini bure.

Rafiki yangu, tuliyemaliza naye mwaka mmoja, anafundisha biolojia kwenye sekondari moja na hupita maabara kuazima vioo vya kuwekea vielelezo. Alinikuta nimeinama.

"Madame Bulle," alisema. Bulle ni kiputo, na jina hilo alikuwa amenipa tangu siku ya kutetea. "Uko unafuga nini sasa?"

Nikamwonyesha. Alitazama kifuko cha ndoo, kisha akatazama kile nilichokikung'uta.

"Ah. Donc uliandika habari ya hewa ya barabara ya Banalia."

"Usinicheke."

"Sicheki. Minacheka kidogo. Nani anajua?"

"Weye na mie."

"Basi funika ndoo. Weye iko na kipaji ya kujiloga mwenyewe, ndugu yangu. Watu wanaandika uongo mukubwa wanapata grade, weye unakufa juu ya bulle."

Alichukua vioo vyake akaenda, na nilibaki na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Alikuwa amesema kwa wema. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kama angenilaumu ningejitetea.

Mama nilimwambia siku iliyofuata, alipokuwa anafunga majani ya soko. Nilianza mbali, na maji na mlango na nywele nne, na yeye aliendelea kukunja mangungu, moja baada ya jingine. Nilipofika kwenye kukung'uta, mikono yake ikasimama.

"Ngoja. Unasema ni hii njo imeharibu diplôme yako?" Aliinua kifungu cha matembele.

"Hapana, mama. Ni mie niliyefanya."

"Majani yangu inafika soko iko muzima. Uliza mutu yeyote."

"Najua. Kwa matembele iko sawa. Ule mmea ulitaka kubaki ndani ya maji."

"Sasa mie ningejua aje? Mie nilifundisha mutoto kubeba mboga, sikufundisha kubeba mutego." Akaendelea kukunja, kwa nguvu kidogo kuliko kabla. Kisha akasema bila kuinua macho: "Kitabu itabaki ku kabati. Unasikia? Hakuna mutu atakuja kuitoa."

Sikuwa nimesema habari ya kuitoa. Lakini tangu hapo nilipopita sebuleni nililiona lile jalada jekundu kabla ya kuona kitu kingine chochote.

Ilibaki chef. Mara ya kwanza nilimkuta anafunga mlango wa ofisi. "Mademoiselle, keti. Hapana, usiketi, nakimbia." Mara ya pili alikuwa na wageni. Mara ya tatu nilimsubiri tangu saa mbili mpaka saa saba, nikipanga sentensi ya kwanza, nikiibadilisha, na alipokuja sentensi zote zilikimbia, nikamwambia tu, nikiwa nimesimama, kwamba mchoro wa nne hauna ukweli. Nilimweleza jaribio. Alinisikiliza vizuri. Alielewa haraka kuliko nilivyotegemea, na nadhani hapo nilitegemea kwamba kuelewa kungetosha.

"Una uhakika?"

"Nimerudia siku nne, chef."

Alikaa, akapiga meza taratibu kwa kalamu. "Jury ilikaa. Ilisaini. Mimi nilisaini mbele yao. Unataka tufanye nini sasa, tuwaite tena, na mashangazi yako warudi kukufuta poda?"

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha.

"Sikiliza. Jumanne baraza inakaa. Ukiingia pale na barua ya kusema mémoire yako iko na kosa, watasoma hiyo barua tu, hawatasoma kitu ingine. Ngoja upite. Ukishakuwa assistante, utaandika article ya kujisahihisha, na mie nitakusaidia. C'est comme ça que ça se fait. Ni hivyo inafanywa."

"Na mwongozo?"

"Mwongozo wa mwaka huu umeshatoka kwa mashine. Mwaka ujao tutabadilisha. Ni mwaka wa kwanza, mademoiselle. Hawataona tofauti."

Lazima niseme kwamba maneno yake hayakuwa ya mtu mbaya. Yalikuwa na akili. Nilirudi nyumbani kwa toleka, nyuma ya baiskeli, nikijaribu kupata mahali yalipokosea, na sikupapata. Ukitaka kusahihisha kitu, si vizuri kwanza uwe na nafasi ya kusahihisha? Na kama sitapita, nitasahihisha nikiwa nani? Lakini pia: kama sasa naogopa kupoteza nafasi ambayo sina, nitaogopa kiasi gani nikishakuwa nayo? Nilifanya orodha mbili kichwani, za kusema na za kungoja, na kila nilipoongeza sababu upande mmoja, upande mwingine ulipata nyingine. Nimechoshwa na kichwa changu. Wenzangu wanaamua wakati wa kufunga kamba za viatu.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa Ijumaa, kabla ya ile Jumanne. Kundi la kwanza saa tatu, la pili saa tano. Chef alikuwa na mtihani kwingine, akaniachia ufunguo na rundo la karatasi: ukurasa wa mchoro wa nne, kopi kwa kila mwanafunzi. Niligawa karatasi. Niligawa mimea katika visahani vya maji, na nikaagiza kila mtu asiinue uzi nje ya maji. Sikusema kwa nini. Nilijiambia kwamba hilo ni jambo la uaminifu kidogo, na kwamba kidogo ni bora kuliko hakuna.

Jua lilikuwa zuri. Kwenye meza ya dirishani mwanafunzi mmoja wa kike, mwenye miwani iliyovunjika mkono mmoja ikafungwa uzi, alitazama muda mrefu kuliko wengine. Alichora, akatazama, akachora. Nikasogea. Mchoro wake ulikuwa sahihi. Mashavu yaliyobonyea, mlango, kizingiti, nywele nne alizozihesabu mwenyewe. Tangu nianze kazi ya ule mmea sikuwa nimeona mtu mwingine akiuchora ulivyo.

"Assistante," aliniita, ingawa bado sikuwa, "air iko wapi?"

"Unaona nini?"

"Naona kifuko imebonyea huku na huku, kama mutu iko na njaa. Mulango naona. Nywele naona. Air, hapana."

"Basi chora hivyo."

Jirani yake, kijana aliyekuwa ameshamaliza bila kugusa darubini, alimgonga kiwiko. "Weye, usianze mapenzi na microscope. Karatasi inasema chumba ya hewa. Tia chumba ya hewa."

"Lakini haiko."

"Haiko kwako. Points iko ku karatasi."

Alicheka, yule mwenye miwani. Alinitazama mara moja, akitafuta kitu usoni kwangu, na mimi niliangalia kioo cha darubini yake kana kwamba kina tatizo. Akachukua kifutio. Akafuta shavu la kushoto, akafuta la kulia, akazichora kuta upya zikiwa zimevimba. Juu akaweka kiputo, na mshale, na maneno yangu. Kisha akanigeuzia karatasi.

"Sasa iko sawa?"

Nilisema, "Endelea."

Hilo ndilo neno nililosema. Nimejaribu baadaye kukumbuka kama niliongeza jingine, na sikuongeza.

Kundi la kwanza lilipotoka nilibaki na saa moja na meza zilizomwagika maji. Nilikuwa nimewaza siku kumi na moja juu ya jina langu, jina la chef, saini za majaji, baraza la Jumanne na kabati la mama. Sikuwa nimemuwaza mtu atakayeona vizuri halafu afute. Na aliyemfundisha kufuta ni mimi, kwa penseli iliyochongwa vizuri. Jambo hilo halikuwa na pande mbili. Nilitafuta upande wa pili, kwa mazoea, nikaukosa.

Nikatoa karatasi mbili safi nikaandika barua kwa mkono, kwa Kifaransa, kwa mkuu wa kitivo, kopi kwa idara. Niliandika kwamba katika mémoire yangu mchoro wa nne, jedwali linalofuata na aya mbili za hitimisho ni makosa. Kwamba hewa iliingia vifukoni wakati mimi nilipoitoa mimea majini. Kwamba kosa ni langu na msimamizi hakuwepo bwawani. Niliomba barua iambatanishwe kwenye kopi zote, hata ile ya maktaba. Nikaisoma mara moja. Nilitaka kuisoma mara ya pili, nikaikunja.

Nikamtumia chef ujumbe: "Chef, napeleka barua leo. Sitangoja Jumanne. Nisamehe." Nilingoja mpaka alama za kusomwa zikatokea. Nikashuka kwenda kwa katibu.

Katibu wa kitivo ni mama mmoja mnene mwenye mihuri mitano kwenye kisanduku cha biskuti. Alipokea barua bila kunitazama.

"Ni ya kuomba kazi?"

"Hapana, mama. Ni ya kusahihisha mémoire."

"Ya nani?"

"Yangu."

Hapo akanitazama. Akaisoma mistari ya kwanza, midomo ikicheza. "Kuna mutu amekushitaki?"

"Hapana."

"Donc unajishitaki weye mwenyewe." Alifikiri kidogo. "Mutoto yangu, ukitaka, naweza kuiweka hapa chini mpaka wiki ijayo. Watu wanaleta barua na kasirani, kesho yake wanakuja kuiomba."

"Piga muhuri tu, mama."

Alitafuta wino. Wa kwanza ulikuwa umekauka, akautemea mate kidogo, ukakataa, akafungua mwingine. Nilikuwa na muda wa kubadili nia mara tano, na mara mbili kweli niliibadili, hapo hapo, nimesimama. Lakini mkono wangu haukwenda kuichukua. Muhuri ulishuka kwenye barua, kisha kwenye kopi yangu, akaandika tarehe na saa, akasaini, akanipa.

Kundi la pili lilikuwa limeshaingia maabara nilipofika, wamekaa, karatasi za mchoro ziko mbele yao, na mmoja ameshaanza kutia mshale wa chumba cha hewa bila hata kusogeza kisahani. Nilisimama mbele. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka.

"Huo mchoro ni mimi niliyeuchora," nilisema, "na una kosa. Hakuna hewa ndani ya kifuko. Mtachora mnachokiona kwenye maji, na mtakachokiona ndicho nitakachosahihisha. Na kundi la kwanza nitawaita Jumatatu warudie, wote."

Mtu nyuma akauliza kama points za karatasi bado ziko. Nikamwambia haziko. Kisha nikapita meza hadi meza, nikaokota kopi za mchoro wa nne kutoka chini ya mikono yao, na walioshaanza kuandika niliwavutia karatasi taratibu mpaka wakaachia.